Siagi ya Bibi Pedali

Miguu ya Bibi Pedali haikujua kutulia. Akila, inapiga. Akisikiliza redio, inapiga. Hata ibadani watu wa mstari wa mbele walikuwa wakigeuka kutazama ni nani anayegongagonga sakafu, na yeye hugeuka vilevile kuwatazama wa nyuma yake, kana kwamba naye anamtafuta huyo mkosaji.

Hakuwa na hiari. Alianza kukanyaga cherehani akiwa msichana, alipopelekwa kufagia vipande vya vitambaa dukani kwa mjomba wake, akajifunza kazi kwa kuiiba kwa macho. Akaolewa anakanyaga, akazaa anakanyaga, akafiwa na mume, na matanga yalipokwisha akarudi pale pale akakanyaga huku machozi yanadondoka juu ya sare za watoto wa watu. Kwa miguu hiyo alimsomesha binti yake wa pekee mpaka akawa muuguzi. Basi ua mzima ukamwita Bibi Pedali, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho.

Likizo moja ya shule, binti yake huyo alipangiwa zamu za kufululiza hospitalini. Akawaleta watoto wake watatu na begi moja la nguo.

"Mama, mwezi huu tumebanwa kweli kweli," alisema akiwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Wakikusumbua kuhusu chakula, waambie mama kasema."

"Kasema nini?"

"Kasema hakuna."

Akawabusu watoto, huyoo, akaondoka.

Mkubwa wa watoto hao, msichana, aliitwa Wakili, maana hakuna jambo alilolikubali bila kudai ushahidi. Wa pili, mvulana, aliitwa Tumbo, na hilo halihitaji maelezo. Kitinda mimba, msichana mwenye mashavu kama maandazi, aliitwa Kasuku, kwa sababu kila aliyesema kitu, yeye alirudia neno la mwisho kwa sauti kubwa kuliko ya mwenye neno.

Asubuhi yao ya kwanza Bibi aliwapa chai na mkate. Tumbo alikishika kipande chake, akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule.

"Bibi, huu mkate wamesahau kitu."

"Kitu gani, mume wangu?" Bibi alimwita hivyo tangu siku alipozaliwa, na wale wasichana wawili wakawa wake wenza wake.

"Cha juu," alisema Tumbo. "Rafiki yangu shuleni anapaka siagi. Ya kweli. Nene mpaka akiuma, meno yanaacha alama."

"Alama!" alisema Kasuku.

Siagi ya kweli Bibi aliijua kwa sura. Ilikaa kwenye friji la duka la pale kona, imevikwa karatasi inayong'aa, naye alikuwa akiitazama jinsi mtu anavyotazama gari la mwenzake: zuri, lakini safari yangu ni ya miguu. Sasa mume wake ameitaja mbele ya wake wenza. Angefanya nini? Kiburi kikampanda.

"Siagi hainunuliwi," alisema. "Siagi inatengenezwa. Marehemu mama yangu alikuwa akiitengeneza mwenyewe nyumbani."

Wakili akaweka kikombe chini. "Uliona?"

"Niliona."

"Kwa macho yako?"

"Nilikuwa mdogo, lakini macho nilikuwa nayo."

"Alifanyaje?"

"Alichukua maziwa, yale ya juu, mazito. Akayatikisa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yakaacha kuwa maziwa."

Ukweli ni kwamba Bibi alichokumbuka ni mgongo wa mama yake ukienda mbele na nyuma, na sauti ikimwambia atoke nje asimwage vitu. Lakini maji akishayavulia nguo, ataacha kuyaoga?

Kazi ikaanza. Muuza maziwa, kijana wa baiskeli mwenye madumu mawili, aliletewa sufuria ile ile ya kila siku kwa kipimo kile kile cha kila siku, maana pesa ya kuongeza haikuwepo. Bibi aliyachemsha, akayaacha yapoe bila mtu kuyagusa, mpaka yakajivika utando mzito wa rangi ya manjano. Akauengua kwa kijiko, taratibu, kama anayefumua mshono wa hariri, akautia kwenye bakuli lenye kifuniko. Maziwa yaliyobaki yakaenda kwenye chai. Chai ikawa nyepesi, na Tumbo akasema inafanana na maji yaliyosimuliwa habari za maziwa.

Tatizo likawa mahali pa kuweka bakuli. Friji katika ua ule lilikuwa moja tu, dogo, la zamani, linanguruma, na mwenyewe alikuwa akinguruma kulishinda. Huyo ni Mzee Spana, fundi baiskeli, ambaye chumba chake kilitazamana na cha Bibi. Watu walisema hajawahi kucheka tangu ahamie. Ukimsimulia kichekesho mpaka mwisho, alikutazama akakuuliza, "Halafu?"

Bibi alikwenda na msafara wake wote.

"Hodi, jirani."

"Nani?"

"Sisi. Tunaomba hifadhi."

"Ya nani?"

"Ya bakuli."

Mzee Spana alitokeza kichwa, mikono imejaa grisi. "Lina nini?"

"Siagi," alisema Tumbo.

"Maziwa," alisema Wakili.

"Ni maziwa yaliyo safarini," alisema Bibi.

"Yatanuka."

"Yakinuka utatuita."

"Yatamwagika."

"Yakimwagika tutakuja na kitambaa."

Mzee akalitazama bakuli kama baiskeli iliyoletwa bila magurudumu. "Na yakifika huko yanakokwenda?"

"Utakula na sisi."

"Siagi hainikai tumboni mimi."

"Basi utatutazama tukila."

"Tukila!" alisema Kasuku.

Mzee Spana alinguruma kidogo, lakini akasogeza chupa yake ya maji pembeni.

Kila asubuhi msafara ulivuka ua na kijiko cha utando. Bakuli likapanda taratibu. Kisha asubuhi moja wakafunua kifuniko wakakuta katikati ya utando kuna mtaro, umepita kutoka ukingo hadi ukingo, upana wa kidole.

Wakili aliita mahakama pale pale. Kila mtu akatakiwa kutoa mikono inuswe. Macho yote yalikuwa kwa Tumbo, naye akaona mambo yamemfika shingoni.

"Kama ni mimi," aliapa, "nisionje siagi maisha yangu yote!"

Kiapo hicho kilikuwa kizito mno. Hata Bibi alijua Tumbo hawezi kukichezea. Ndipo Mzee Spana alipokohoa.

"Nilikuwa napima kama yameharibika."

"Kwa kidole?" aliuliza Wakili.

"Kipimo kingine sikuwa nacho."

"Yalikuwa yameharibika?"

"Hapana." Akajikuna shingo. "Nikapima tena kuhakikisha."

Bibi alijifunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yakimtikisika, akatoka nje haraka kabla heshima ya mzee mwenzake haijaporomoka.

Ikafika Jumamosi, bakuli limejaa. Chombo pekee nyumbani chenye kifuniko cha kukaza kilikuwa chupa kubwa ya plastiki ya soda. Bibi aliikata chupa nyingine kuukuu kwa kisu, sehemu ya juu akaigeuza kuwa faneli, akaanza kusukuma ule uzito ndani kwa mpini wa kijiko.

Wakili alikuwa amekunja mikono. "Bibi, ikishakuwa siagi, itatokaje kwenye hicho kishingo?"

"Itatoka ilivyoingia."

"Inaingia ikiwa uji. Itatoka ikiwa nini?"

"Mke mwenzangu, leo mahakama imefungwa."

"Imefungwa!"

Bibi aliijaza chupa mpaka juu, akaongeza maji baridi kidogo, akakaza kifuniko, akampa Tumbo. Tumbo akaondoka nayo kama mtu aliyeumwa na nyuki. Alizunguka ua, akapita chini ya nguo zilizoanikwa, akaruka beseni, huku dada zake wakimfuata na wimbo walioutunga papo hapo:

*Maziwa, maziwa, acha uvivu,*
*mkate unakungoja, mkavu, mkavu!*

Alipochoka akapokewa na Wakili. Wakili akapokewa na mama mmoja aliyekuwa bombani anafua, aliyefuta povu mikononi akasema na yeye apewe, hajacheza tangu aolewe. Muuza maziwa alipofika na madumu yake akashangaa. "Mimi nayauza maziwa, ninyi mnayaadhibu!" Lakini aliegesha baiskeli, akatikisa kwa mikono miwili mpaka kofia ikamdondoka.

Wakaichungulia chupa. Maziwa. Maziwa yale yale, yanawatazama.

"Yamegoma," alisema Tumbo, midomo ikaanza kumcheza.

Mzee Spana alikuwa kwenye kona yake ananyoosha ringi, mgongo amewapa, lakini masikio alikuwa amewapa pia.

"Mmeijaza mpaka shingoni," alinguruma. "Hakuna kinachocheza humo. Mnaibeba tu. Tena ni baridi mno, imeganda kama grisi ya asubuhi. Iwekeni juani kidogo."

Bibi akaifungua chupa. Akapunguza kikombe kizima, Tumbo akajitolea kukishughulikia, akaibuka na masharubu meupe na moyo uliotulia. Chupa ikawekwa kizingitini ipate joto. Ilipotikiswa tena, sauti ilisikika ndani: *choto, choto.* Watu wakashangilia. Wakatikisa tena wote kwa zamu mpaka mikono ikawa kama kamba za viatu, na siagi bado hakuna.

Hapo Bibi akakumbuka kazi. Kwenye cherehani pale kibarazani lilikuwepo gauni la Mama Madaha, na Mama Madaha alikuwa anakuja kulichukua mchana huo huo, na upindo ulikuwa haujaanza. Gauni lenyewe lilikuwa na marinda mapana, na upindo wake mrefu kama barabara ya kwenda kwa mkopeshaji. Bibi akaketi, akaingiza uzi, miguu ikashika njia yake.

Wakili alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mikono imekufa. Uso wake ulitazamana na pedali. Pedali ikaenda juu, ikarudi chini. Juu, chini.

"Bibi," aliita polepole. "Miguu yako huwa inachoka?"

"Haijachoka tangu kabla sijamzaa mama yako."

Wakili akaitazama chupa. Tumbo akaitazama pedali. Mzee Spana aliweka ringi chini. Nani alisema kwanza? Mpaka leo wanabishana. Kinachojulikana ni kwamba mzee aliingia chumbani mwake, akatoka na vipande virefu vya mpira wa tyubu kuukuu alivyoviosha kwa sabuni, akapiga magoti chini ya cherehani, akailaza chupa juu ya pedali kwenye ukingo wa mbele, akaifunga huku na huku kama anavyofunga mzigo wa magogo kwenye keria.

"Kanyaga pole."

Bibi akakanyaga. *Choto, choto, choto.*

"Ongeza."

Akaongeza. *Chotochotochotochoto!* Kasuku akalala chali kwa kicheko.

Katika hali hiyo ndipo lango la ua lilipofunguka akaingia Mama Madaha. Huyu alikuwa mwanamke wa kutembea. Watu hutembea ili wafike. Yeye alifika ili aonekane ametembea. Alipita bombani, akapita chini ya nguo, mtandio begani, mkoba mkononi, akasimama mbele ya kibaraza.

"Bibi fundi, salama? Gauni langu liko tayari? Leo ndiyo naenda kuonana na wakwe wa mwanangu kwa mara ya kwanza, na sitaki kuchelewa."

"Liko njiani, dada," alisema Bibi bila kusimamisha mguu.

Mama Madaha akainama kidogo. "Mbona huko chini kuna chupa imefungwa kama aliyevunjika mguu?"

"Ni siagi."

"Siagi!" alisema Kasuku.

"Siagi inafanya nini kwenye gauni langu?"

"Haiko kwenye gauni lako, dada yangu. Siagi iko mguuni, gauni liko mkononi. Havijuani kabisa."

Mama Madaha alifungua mdomo aseme neno la mwenye hadhi yake, lakini chupa ilikuwa ikicheza pale chini, na watoto walikuwa wameizunguka wameshikana mikono, wanaimba uvivu na ukavu, naye akajikuta anaangalia. Akavuta kigoda. Akaketi, mkoba mapajani.

Upindo ukasonga, chupa ikasonga. Bibi alikuwa hajawahi kushona kwa namna hiyo. Jasho lilimtoka, kitambaa kilikuwa kinakimbia chini ya sindano kama kinachofukuzwa, na moyoni alihisi kile alichokuwa akihisi zamani alipokuwa anateremka mlima juu ya mkokoteni wa kaka zake, mikono juu, mdomo wazi. Mwanamke wa umri wake! Akacheka peke yake, na mshono haukupinda hata kidogo.

Mara, kimya. Chupa ilikuwa inapanda na kushuka vilevile, lakini *choto* imekatika.

"Imenyamaza," alisema Wakili.

Mzee Spana akaweka sikio karibu. "Imeshikana. Imekuwa povu zito, limejaa chupa nzima."

"Imekufa?" aliuliza Tumbo, na sasa machozi yalikuwa ukingoni.

Bibi hakujua. Mgongo wa mama yake alioukumbuka haukusema chochote juu ya kunyamaza. Mguu ukaanza kulegea.

"Usiache!" Sauti hiyo ilitoka kwa Mama Madaha, naye alikuwa amesimama, kigoda kimeanguka nyuma yake. "Kanyaga, mama! Tumefika mbali mno, utaiachaje sasa? Kanyaga!"

"Upindo umebaki kidogo tu, ukiisha sina cha kushona. Nikikanyaga sindano tupu uzi utajifunga, utaniharibia mashine."

Upindo ukaisha. Mama Madaha akavuta gauni, akavua mtandio wake begani, akautupia chini ya sindano. "Pinda huu!"

"Mbona umeshapindwa?"

"Pinda tena!"

Bibi akapinda mtandio uliopindwa. Muuza maziwa, ambaye alikuwa amesahau kabisa wateja wake, akatoa leso mfukoni. Ikapindwa. Mama wa bombani akaleta foronya mbichi, inadondosha maji. Ikapindwa. Mzee Spana akaanza kufungua aproni yake.

"Hiyo yenye grisi hapana!" alipiga kelele Bibi.

Tumbo alivua kaptura. Akabaki na chupi katikati ya ua, ameinyoosha kaptura mbele kama zawadi ya harusi. Bibi akaipokea, akaitia chini ya sindano, akafumba macho kwa kicheko, akakanyaga.

*Choto.*

Watu wakashika pumzi.

*Choto. Du. Choto. Du!*

"Kuna kitu humo!" alipiga ukelele Wakili, yule mdai ushahidi, akiwa wa kwanza kuamini. "Kuna kitu kigumu kinagonga!"

Mzee Spana akafungua mipira, akainua chupa juani. Ndani, kwenye maji membamba meupe, yalikuwa yanaelea madonge ya manjano, makubwa na madogo, yanagongana kama watoto bwawani. Kelele zilizopanda uani pale ziliwatoa watu wa nyumba ya pili wakadhani kuna aliyejifungua.

Walipotulia, Wakili akasafisha koo. "Sasa itatoka ilivyoingia?"

Wakayamimina yale maji kwenye kikombe, yakatoka vizuri. Siagi ikaja mpaka shingoni ikajiziba yenyewe, ikakaa. Wakaigonga kitako. Wakaitingisha kichwa chini. Wakatia mpini wa kijiko, ukarudi na kidonge kidogo ambacho Tumbo alikiona mapema kuliko wengine. Mzee Spana alikuja na spoki ya baiskeli, akatazamwa, akarudi nayo.

Bibi akasimama. Akafungua droo ya cherehani, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha mahameli. Mama wa bombani akashika mdomo.

Ulikuwa ni ule mkasi wake wa kukatia vitambaa. Mkasi huo haukuguswa na mkono mwingine, wala haukugusa kitu kingine zaidi ya kitambaa. Mkwewe aliwahi kuukatia boksi la viatu, na mwaka mzima Bibi alimsalimia kwa kichwa tu. Plastiki? Plastiki ingeufanya butu kama ulimi wa ng'ombe.

"Bibi," alinong'ona Wakili, "kisu kipo."

"Kisu kitairarua. Naijua mikono yangu na mkasi wangu." Kisha akatabasamu tabasamu la msichana mtukutu. "Na zaidi ya hayo, nimetamani kukata kitu kisichostahili maisha yangu yote."

*Krrrak!* Chupa ikafunguka ubavuni kwa mstari ulionyooka, na siagi ikateleza ndani ya bakuli. Bibi akaiosha kwa maji baridi, akaikanda kwa mwiko, akamwaga maji yaliyochafuka, akaosha tena mpaka maji yakatoka safi kama yalivyoingia. Akanyunyiza chumvi. Akaikusanya donge moja, akaliweka katikati ya sahani.

Lilikuwa kubwa kama ngumi. Siyo ngumi ya Mzee Spana. Ya Tumbo.

Watu wakalitazama donge. Wakatazamana. Watoto watatu, bibi mmoja, mzee, muuza maziwa, mama wa bombani na mwanamke mwenye madaha, wote wamelowa jasho. Bibi ndiye aliyeanza. Kilimtoka kicheko cha tumboni, akajishika kwenye cherehani, akateremka polepole mpaka akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele yake, kwa mara ya kwanza imetulia. Na kicheko hicho kikawaambukiza wote.

Mkate ukakatwa vipande vyembamba ili kila mdomo upate, siagi ikapakwa nene, maana Bibi alisema wakiipaka nyembamba watakuwa wameidhalilisha. Tumbo aliuma, akautoa mkate mdomoni, akautazama. Alama za meno zilikuwepo zote, mpaka ile nafasi ya jino lililong'oka. Akautembeza kwa kila mtu auone.

Mama Madaha, ambaye alikuwa ameshavaa gauni lake jipya, aliuma kwa adabu, na kipande cha siagi kikaanguka *pwa* juu ya rinda la mbele. Kila mtu akaganda. Yeye akainamisha kichwa, akakitazama. Akatazama huku, akatazama huku. Akakiokota kwa kidole, akakilamba.

"Wakwe wakiuliza, nitasema ni manukato," alisema. Kisha akaliona jua lilipofika, akapiga yowe, akashika marinda kwa mikono miwili akakimbia. Mama Madaha akakimbia! Ua mzima ukamsindikiza mpaka langoni kwa vigelegele.

Na Mzee Spana, ambaye siagi haimkai tumboni, alikuwa kwenye kipande chake cha pili. Ghafla akaanza kutoa sauti ya ajabu, *hih, hih, hih,* kama pampu iliyotoboka. Bibi aliinuka mbio ampige mgongoni, akidhani amepaliwa. Kumbe anacheka.

"Nimekumbuka kaptura," alisema kwa shida, machozi yakishuka mashavuni. "Ameinyoosha vile... Halafu..." Akashindwa kuendelea.

Kesho yake Mama Madaha alipita tena, safari hii kwa mwendo wa kawaida, kuleta habari. Alifika kwa wakwe amechelewa, anahema, ana doa la mafuta kwenye rinda. Nyumba ile ilikuwa imejaa watu waliokaa wima kama viti. Wakamuuliza kulikoni. Alikuwa ameandaa uongo mzuri wa foleni barabarani, lakini alipofungua mdomo likatoka suala la chupa kwenye pedali, na mtandio uliopindwa mara mbili. Baba mkwe alicheka mpaka akavua miwani. Mama mkwe akasema familia yenye watu wa namna hiyo hawaiachii. "Basi nimeahidi siagi siku ya sherehe," alisema Mama Madaha, na Bibi akamjibu kwamba donge la kutosha sherehe litadai ng'ombe mzima.

Jioni ile binti yake Bibi alitoka zamu, akapitia kuwatazama watoto. Alikuwa na sare yake ya kazi, macho mekundu kwa usingizi. Kabla hajakaa, watoto watatu walikuwa wameshaanza kusimulia kwa pamoja, kila mmoja na mwanzo wake. Bibi alimpa kipande cha mkate na siagi iliyobaki. Aliila akiwa amesimama, begi bado begani, akafumba macho.

"Mama. Hii ni nini?"

"Ni miguu yangu hiyo," alisema Bibi.

Kasuku akachovya kidole kwenye sahani, akampaka mama yake puani. Muuguzi akafungua macho. Akaweka begi chini taratibu, akavua viatu, akachovya na yeye kidole.

"Nani alinipaka?"

"Alinipaka!" alisema Kasuku, akatoka mbio.

Wakazunguka ua, wakapita chini ya nguo, wakaruka beseni, mama na watoto wake watatu, pua zote zinang'aa. Bibi aliwatazama kutoka kibarazani. Binti huyo alikulia chini ya meza ya cherehani, mtoto mkimya aliyecheza na vifungo ili asimcheleweshe mama yake kazini. Bibi hakukumbuka lini alimwona anakimbia hivi, anapiga kelele hivi, nywele zimefumuka.

"Mzee mwenzangu!" aliita kuelekea chumba cha mkabala, bila kuondoa macho uani. "Hebu toka, njoo uone."

Mzee Spana akatoka na vikombe viwili vya chai, akaketi kwenye ngazi kando yake.